Filamu Isiyosuuzwa

Kikohozi kile Léonie alikijua. Kilikuwa kikohozi cha mtu asiyependa kugonga mlango wa wenyewe, anayesimama nje ya ua na kusafisha koo mpaka asikike. Tangu vita vya Katanga vilipoingia mjini Élisabethville, hakuna aliyekohoa hivyo mbele ya nyumba yao ya Ruashi. Alikuwa amechuchumaa mbele ya mbabula, jiko lao la makaa, anasonga bukari, ugali wa mchana. Mwiko ukasimama ndani ya chungu.

"Léonie, uko?"

Hakujibu upesi. Nusu ya moyo wake ilitaka kukimbia ikafungue. Nusu ya pili ilikumbuka kopo la bati lililokaa chumbani kwa kaka yake Stanislas, nyuma ya chupa za dawa za picha, nayo ikatamani aliyesimama nje awe mtu mwingine yeyote, hata mwizi.

"Niko," akasema mwishowe. "Ingia. Mulango haina ufunguo."

Désiré akaingia. Alikuwa amekonda. Koti alilovaa halikuwa lake, mabega yake yalimwelea ndani kama mtungi ndani ya gunia. Macho tu ndiyo hayakubadilika. Yalikuwa yaleyale yaliyomfanya Léonie, mwaka uliopita, asahau maji ya bomba yakimwagika mpaka majirani wakampigia kelele.

Wakatazamana. Hakuna aliyejua kama inafaa kushikana mkono.

"Umekonda," akasema Léonie.

"Kambini kila muntu amekonda. Wewe uko vilevile."

"Baba yangu akikukuta hapa, Désiré…"

"Najua. Sitakaa. Kamyo ya ONU imetuleta bantu kidogo, tuchukue vitu vyetu tulivyoacha. Inatungojea kule kwa kanisa. Itapiga honi, nitakwenda." Akashusha pumzi. "Kesho asubui tunapanda treni, mimi na mudogo wangu Edith. Banasema tunarudi kwetu Kasai. Mimi nilizaliwa hapa, Léonie. Ile Kasai sijaiona hata kwa ndoto."

Léonie akavuta kiti cha miti, akakipangusa kwa upindo wa kikwembe chake. Désiré hakuketi.

"Na Mama Hortense?" Léonie akauliza. Hakuwahi kumwona mama yake Désiré ana kwa ana. Alikuwa amemsikia tu, na alilosikia lilikuwa moja: kwamba mama yule hamtaki msichana wa Ruashi, binti wa watu wa kaskazini, na kwamba amekwisha mtafutia mwanawe mchumba wa kwao, jina lake Mujinga.

Désiré akatazama chini.

"Mama alitutoka wakati wa mvua. Homa ilimushika ndani ya hema, maji inapita chini ya kitanda. Tulimuzika kule nyuma ya kambi, karibu na reli."

"Pole," akasema Léonie, na neno likatoka dogo kuliko alivyotaka.

"Asante. Njo sababu nimekuja." Akainua macho. "Ile filamu niliyokuachia, iko?"

Hapo bukari ikaanza kuungua, wala Léonie hakuisikia harufu yake.

*

Kaka yake Stanislas ndiye aliyekuwa mpiga picha wa mtaa, na chumba cha kuogea cha nyumba yao ndicho kilichokuwa chumba chake cha giza. Alikuwa na taa nyekundu, beseni mbili za dawa, na blanketi la kuziba dirisha. Lakini Stanislas alikuwa mtu wa haraka. Akishaiona sura imetokea kwenye filamu na dawa ya pili imeikaza, kazi kwake imekwisha. Yaliyobaki alimwachia dada yake, na yaliyobaki ndiyo yenye kutaka subira: kuisuuza filamu kwa maji mengi, kubadilisha maji tena na tena mpaka yasiwe na utelezi wa dawa, kuipangusa kwa vidole viwili vilivyolowa, kisha kuitundika kwa kibanio juu na kibanio chini ili isijikunje, mahali pasipo na jua wala vumbi.

"Dawa ikibaki inakula picha polepole," Stanislas alimwambia siku ya kwanza. "Leo utaona muzuri. Kisha miezi utakuta madoa."

Désiré alikuwa karani wa duka moja mjini, mwenye kamera ya boksi na mapenzi ya kupiga kila kitu. Alileta filamu zake Ruashi, na kwa kuwa filamu haikauki kwa amri ya mtu, alingoja. Akangoja Jumamosi moja, akangoja ya pili. Mapenzi yao yalizaliwa katika kungoja huko, kati ya kamba ya kuanikia na bomba la maji, maneno machache, macho mengi. Baba yake Léonie, mzee Donat wa reli, alipogundua alisema mara moja tu, bila kupaza sauti: "Yule kijana sina ubaya naye. Lakini mutoto yangu hataolewa kwao." Kwao Désiré nako lilisemwa neno lilelile kwa kinywa kingine.

Kisha ikaja Agosti ile, watu wa Kasai, waliokuwa wakiwindwa na askari wa Katanga, wakaanza kufunga mizigo usiku na mchana, kila mtu akikimbilia kambi iliyolindwa na askari wa ONU, wale wa Umoja wa Mataifa. Désiré alipita mbio, jasho likimtiririka, akamtia Léonie filamu mkononi. "Isafishe wewe mwenyewe," alisema. "Usimupe Stanislas. Uiangalie muzuri." Kabla Léonie hajauliza lolote, Désiré alikuwa amekwenda.

Léonie aliifanya mwenyewe. Dawa ya kwanza, dawa ya pili. Akawasha taa, akaiinua filamu dhidi ya mwanga. Picha ya kwanza ilikuwa ya msichana, naye Léonie akajua mara moja kuwa ndiye Mujinga. Ya pili ilikuwa ya Mujinga na Désiré wamesimama bega kwa bega mbele ya watu wazima walioketi. Kwenye filamu kila kitu huwa kinyume, na gauni jeupe la mchumba yule lilikuwa jeusi kama la msiba, lakini Léonie alijua ni nguo ya siku gani. Katika picha ya tatu Mujinga alikuwa ameinamisha kichwa kwenye bega la Désiré.

Hakutazama ya nne. Ndiyo maana ya "uiangalie muzuri", alijiambia. Amenipa mimi nimwoshee harusi yake.

Beseni la maji safi lilikuwa miguuni pake, limejaa. Akalitazama. Kisha akaichukua filamu vilevile, inateleza, inanuka dawa, akaitundika kwenye kamba bila kuitia majini hata mara moja. Alijua anachofanya. Hakuipasua, hakuichoma, kwa sababu aliyepasua huonekana. Aliiacha ijile yenyewe.

Ilipokauka aliikunja, akaitia koponi. Na tangu siku ile kila aliposuuza filamu ya mtu mwingine, kopo lile lilimtazama. Majuma ya kwanza angeweza bado kuliokoa jambo, angeweza kuitoa na kuisuuza upya, maji yalikuwepo. Lakini kulifungua kopo ilikuwa kujionyesha mwenyewe alichofanya, basi akaliacha.

*

"Filamu iko," Léonie akamwambia Désiré. Akaipua bukari, akaiweka chini ili apate kumpa mgongo. "Lakini haikutoka muzuri."

"Haikutoka namna gani?"

"Maji." Alilisikia neno likitoka mdomoni mwake jepesi, kana kwamba lilikuwa likingoja pale tangu zamani. "Ile siku maji ilikatika. Vita. Nilifanya dawa zote mbili, nafika kwa kusuuza, bomba kavu. Naogopa imeharibika."

Ulikuwa uongo mzuri. Maji ya mji yalikuwa yamekatika kweli, si mara moja, na kila mtu aliyekuwa Élisabethville mwaka ule angemwamini. Désiré alimwamini. Akasogea, akaona machozi usoni mwa Léonie, na kwa mara ya kwanza tangu aingie akamshika bega.

"Usilie, Léonie. Juu ya nini unalia? Si kosa yako. Risasi zinapita huku na wewe ulibaki nayo filamu ya muntu wa Kasai ndani ya nyumba. Askari wangeikuta wangekufanyia nini? Kambini nilisema kwa Edith, yule binti alihatarisha maisha juu yetu." Sauti yake ikalegea. "Nilikuwa nakuwaza kila siku. Kila siku. Nasema, ndani ya huu mji kuna muntu mumoja anaweka kitu changu vizuri."

Lau angemtukana, Léonie angevumilia. Lau angemlaumu, angepata la kujibu. Mkono ule begani ndio ulimshinda. Ulikuwa mwepesi kwa njaa, na ulimpapasa kama mtu anavyompapasa mgonjwa, na yeye mgonjwa mwenyewe alikuwa ndiye aliyeweka sumu.

Akautoa mkono ule begani mwake, polepole.

"Maji haikukatika," akasema.

"Eh?"

"Ile siku maji ilikuwapo. Beseni ilijaa, iko hapa kwa miguu yangu. Ni mimi njo sikusuuza. Nilimuona Mujinga ndani ya filamu, ameweka kichwa kwa bega yako. Nikaianika na dawa yake, nikijua itakufa. Nilitaka ife."

Nje mwanamke alipita akiuza mboga, akiziita kwa majina, na sauti yake ikaenda mbali mpaka ikapotea. Kisha Désiré akaketi kwenye kile kiti alichokikataa.

"Uliangalia mpaka wapi?" akauliza.

"Picha tatu."

"Ziko nane."

"Sikuangalia."

Akaupitisha mkono usoni. "Mujinga alikuwa mutoto ya rafiki ya mama. Wazee walitupanga mbele ya kamera, walituambia simama, tulisimama. Wiki ileile nilimwambia mama ukweli. Nilimwambia, mimi moyo wangu uko Ruashi. Alikasirika, Léonie. Siku mbili hakunipa chakula kwa mikono yake. Siku ya tatu aliniita. Alikuwa amevaa kikwembe kipya na kitambaa cha kichwa, ameketi kwa kiti mbele ya mulango, na Edith kwa miguu yake. Akasema: 'Si huyo binti njo anasafisha picha zako? Basi nipige mimi. Aone sura yangu mbele ya kuniona kwa macho. Ajue mimi si simba.'"

Léonie akaushika ukuta.

"Ile ni picha ya mwisho ndani ya filamu," Désiré akaendelea, bila kumtazama. "Ilikuwa ya kwako. Njo sababu nilisema usimupe Stanislas. Njo sababu nilisema uiangalie muzuri. Mama hana picha ingine. Nyumba yetu iliungua na kila kitu."

Yapo machozi yanayokuja kusaidia, na yapo yanayoona haya kuja. Ya Léonie yalikauka palepale. Alimwona mama asiyemjua, ameketi mbele ya mlango na kikwembe kipya, anamtazama yeye moja kwa moja, na yeye amegeuza uso.

"Nipe hiyo filamu," akasema Désiré, "niende."

"Ngoja." Miguu ya Léonie ilikuwa imekwisha kuondoka. "Ngoja, Désiré. Nitukane kisha. Tuisuuze sasa."

"Baada ya wakati wote huu?"

"Sijui. Pengine maji itatoa kitu. Nisaidie kuchota."

*

Wakafanya kazi kama watu wawili waliokodiwa, bila kusemezana. Désiré alikwenda bombani na ndoo, akarudi, akaenda tena. Léonie alifungua kopo. Harufu kali ya dawa ya zamani ikampiga usoni. Filamu ilikuwa imenata kwa madoa ya manjano na chumvi nyeupe kama jasho kavu kwenye nguo ya mchimba shaba. Akaitumbukiza majini ikiwa bado imejikunja, akaiacha ijilegeze yenyewe, maana aliyeivuta kwa nguvu angeipasua.

Maji ya kwanza yalibadilika rangi. Wakayamwaga. Ya pili yakawa na weupe. Wakayamwaga. Kila mara Désiré alipoinama kumimina, mikono yao ilikaribiana ndani ya beseni, na kila mara yeye ndiye aliyeuondoa wake kwanza. Léonie aliliona hilo. Akajiambia ni haki yangu.

"Inafunguka," akanong'ona.

Akaiinua kidogo. Picha za Mujinga, zilizokuwa juu siku ile kambani, zilikuwa zimepona karibu zote. Lakini filamu iliyotundikwa bila kuoshwa hutiririsha dawa yake chini, na chini kabisa ndiko ilikokuwa picha ya nane. Huko ndiko sumu yote ilikoshukia na kukaukia. Yale aliyoyachukia yalibaki, na lile alilotumiwa ndilo lililoliwa.

"Usiiguse," akasema Désiré.

Hakuigusa. Alitikisa beseni tu, kama anayebembeleza mtoto. Na mbele ya macho yao ule utando mwembamba wenye sura ukaanza kuambuka kutoka ukingo wa chini. Ulivimba, ukajikunja, ukatoka kipande kizima, ukaelea juu ya maji kama ganda la kitunguu. Désiré akatia mkono kuudaka, ukayeyukia vidoleni mwake.

Léonie akaitoa filamu upesi, akaishika juu kwa ncha mbili. Nusu ya chini ya picha ilikuwa tupu, plastiki safi isiyo na mtu. Nusu ya juu ilikuwapo: kitambaa cha kichwa, paji la uso, macho, pua, na kinywa ambacho, hata kwa kinyume, kilionekana kinajizuia kucheka.

"Ni yeye," akasema Désiré. Ndipo mabega yale ndani ya koti la watu yakatikisika, naye akalia kama mtu ambaye hajalia tangu amzike. Léonie alitamani kumshika. Mikono yake yote miwili ilikuwa imeishika filamu, na hata ingekuwa mitupu, aliona haistahili.

Honi ikalia upande wa kanisa.

"Haijakauka," Léonie akasema. "Ukiibeba hivi, vumbi ya njia itaikamata, hutapata hata hii nusu. Niachie. Nitatoa picha kwa karatasi. Kesho nitaileta kwa gare, kwa treni yenu."

Désiré akajipangusa uso. Alimtazama muda mrefu, na mtazamo wenyewe haukuwa wa chuki wala wa mapenzi. Ulikuwa wa mtu anayepima kama daraja litamshika mara ya pili.

"Niliwahi kukuachia mara moja," akasema.

"Najua."

Honi ikalia tena. Akatoka bila kusema ndiyo wala hapana.

*

Mzee Donat aliporudi kutoka kazini alimkuta binti yake ameketi sakafuni, chini ya kamba, anailinda filamu kwa upande wa kikwembe chake ili nzi wasitue. Bukari ilikuwa imeungua. Beseni zilikuwa zimezagaa.

"Nani alikuwa hapa?" akauliza.

"Désiré, Baba."

Mzee akafungua kinywa. Léonie akamtangulia, akamweleza yote, tangu picha ya tatu mpaka ule utando ulioelea. Hakujipunguzia. Alipofika mwisho akasema, "Nimefuta sura ya mama ya muntu, Baba. Na ile sura ilikuja kunisalimia."

Mzee Donat naye alikuwa ameacha mama yake kaburini kule kaskazini alipoletwa na reli akiwa kijana, na hakuwahi kuwa na picha yake hata moja. Akaivua kofia yake ya kazi, akaigeuzageuza mkononi.

"Kesho askari watakuwa wengi pale gare," akasema hatimaye. "Hawataacha muntu apite mpaka kwa mabehewa. Utakwenda na mimi."

"Baba, ulisema…"

"Najua nilichosema. Kausha hiyo kitu."

Asubuhi yake walikwenda. Mzee Donat alivaa sare yake ya reli, akamshika binti mkono mbele ya watu wote, akawaambia walinzi, "Huyu ni wangu," wakapisha. Ndani kulikuwa na vilio, magodoro, kuku waliofungwa miguu, watu waliokuwa wakiuaga mji kwa kuutukana na watu waliouaga kwa kuugusa ukuta. Léonie alitembea kando ya mabehewa akiinua uso kila dirisha, mpaka akakiona kikohozi kile kabla ya kukisikia: Désiré, ngumi mdomoni, akimtazama anavyokuja. Kwa namna alivyokuwa ametoa kichwa nje, alikuwa akimtafuta.

Léonie akampa bahasha. Ndani mlikuwa na filamu, imekauka, imekatwa vipande na kufungwa kwa karatasi safi, na picha moja iliyochapwa. Désiré aliitazama akafunga macho. Edith, mdogo wake, msichana mwembamba mwenye kitambaa cheusi kichwani, akaivuta kwake.

"Mama," akasema. Akaigeuza huku na huku. Kisha akakunja uso. "Lakini mimi nilikaa pale kwa miguu yake. Alinishika kichwa. Mimi niko wapi?"

Désiré akamtazama Léonie. Kisha akasema, bila kuyaondoa macho yake kwake, "Ni vita, Edith. Maji ilikatika."

Alikuwa amemrudishia uongo wake mwenyewe kama mtu anavyomfunika mwenziwe nguo barabarani. Léonie angeweza kunyamaza. Treni ilikuwa inakaribia kuondoka, na Edith asingejua kamwe.

"Hapana," Léonie akasema. "Si vita. Ni mimi. Niliona wivu juu ya kaka yako, nikaiharibu kwa kusudi. Wewe na mikono ya mama yako, niliwafuta mimi. Sikujua muko ndani, lakini niliwafuta."

Edith akamtazama kwa macho makavu, makubwa, ya mama yake hasa. Léonie aliyajua sasa macho yale.

"Wewe njo ule wa Ruashi," akasema Edith.

"Ni mimi."

"Mama alikuwa na hamu ya kukuona. Mupaka siku ya mwisho aliuliza, yule binti alisema nini juu ya picha yangu?" Akaikunja picha ndani ya nguo yake, kifuani, akageuza uso ndani ya behewa.

Filimbi ikapigwa. Mabehewa yakajivuta, yakagongana. Désiré akainama nje ya dirisha mpaka kiunoni, akamshika Léonie mkono, safari hii akaubana.

"Sikia. Siwezi kusema nimesamehe. Nikisema nitakudanganya, na sisi tumechoka na uongo."

"Usiseme."

"Lakini kaburi ya mama inabaki huku peke yake. Hakuna muntu wetu mumoja atabaki mujini. Iko nyuma ya kambi, upande wa reli, tuliweka musalaba ya mbao na matofali tatu. Majani itaifunika mbele ya Noeli."

"Haitafunikwa," akasema Léonie. Alikuwa anatembea sasa, treni inamvuta. "Mimi nitakuwa pale."

"Nitarudi kuiona. Sijui lini. Nitarudi."

"Utaikuta safi."

Mkono ukanyooka, ukanyooka, ukaachana. Léonie alisimama mpaka behewa la mwisho lilipopita. Baba yake alikuwa nyuma yake, kofia mkononi, kama wanavyosimama watu mbele ya msiba.

Jumapili, baada ya misa, walikwenda wawili. Mzee Donat alibeba jembe begani kwa kuwa alisema njia ile si ya msichana peke yake. Kambi ilikuwa imekwisha pungua watu, mahema mengine yameanguka. Walilipata kaburi upande wa reli. Léonie alipiga magoti, akaanza kung'oa majani kwa mikono, hakutaka jembe, mpaka kucha zikajaa udongo mwekundu. Alipofika kwenye msalaba akasoma jina lililoandikwa kwa msumari wa moto, na akashindwa kuendelea. Alitaka kusema kitu kwa yule mama. Alijaribu. Kila neno lililomjia lilikuwa la kujitetea, akalimeza.

Mlinzi wa makaburi, mzee mwenye fimbo, akaja kuwauliza. Watu wa huyu marehemu wameondoka wote na treni, alisema. Nyinyi ni akina nani? Huyu binti ni nani wake?

Léonie akainua uso. Hakuwa ndugu. Hakuwa jirani. Kilichomleta pale hakikuwa na jina ambalo mtu angeweza kumwambia mlinzi.

Mzee Donat akaliweka jembe chini.

"Ni mukwe wake," akasema, akaanza kupalilia upande wa pili.